Ngoma Ikitoka Nje: Kwa Nini Muziki wa Hadharani Una Nguvu, na Nguvu Hiyo Inakaa Wapi

Neno "ngoma" limebeba mzigo ambao lugha nyingine huugawa kwa maneno matatu au manne. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni uchezaji wenyewe. Ngoma ni shughuli nzima, watu wakiwa wamekusanyika. Mtu akisema anakwenda ngomani, hakuna anayemuuliza kama anakwenda kupiga, kucheza au kutazama. Na siku hizi vijana wakisema "ngoma mpya imetoka", wanamaanisha wimbo uliorekodiwa, hata kama ndani yake hamna ngozi iliyoguswa. Waliotuachia neno hili hawakuona sababu ya kutenganisha sauti na mwili unaoifuata, wala mwili na watu waliouzunguka.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala kuhusu nguvu ya muziki katika jamii hukwama pale pale tunapovitenganisha vitu hivyo. Tunauliza kama wimbo unaweza kubadili jamii, kisha tunachukua mashairi na kuyachambua mstari kwa mstari. Wengine wanajibu ndiyo kwa moyo wote. Wengine wanajibu hapana, kwamba wimbo ni burudani, na tawala huangushwa na njaa, madeni na bunduki. Pande zote mbili zinauzungumzia wimbo ulio kwenye karatasi au masikioni mwa mtu mmoja. Swali lenye faida zaidi ni hili: hutokea nini watu wengi wanapoufanya muziki mahali pa wazi, huku wakionana?

Tazama wimbo ambao wasomaji wengi wa Kiswahili wanaujua kwa moyo. Mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wa kwaya wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Usome: ni sala. Haumtaji mtawala, haudai ardhi, haumtishi mtu. Januari 8, 1912, ukaimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na kwa miongo iliyofuata sala hiyohiyo ikawa sauti ya umma dhidi ya ubaguzi wa rangi. Tanganyika iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili mwaka 1961, Zambia ikachukua mahadhi yake mwaka 1964 na kuyatungia maneno yake, na tangu 1997 Afrika Kusini yenyewe inauimba ukiwa umeunganishwa na sehemu ya wimbo wa taifa wa zama za ubaguzi. Ukiyapekua mashairi kutafuta mapinduzi yalijificha wapi, hutayaona. Yalikuwa kwa watu waliosimama bega kwa bega wakiyaimba, mahali ambapo kusimama bega kwa bega kulikuwa kosa.

Mwili hutangulia

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada, akiwemo Laura Cirelli, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa miezi 14. Mtoto alibebwa kifuani kwa mbeleko, uso ukitazama mbele. Mbele yake akasimama mtafiti. Muziki ukapigwa, na aliyembeba mtoto akawa anapinda magoti na kunyooka, mtoto akirushwarushwa juu na chini kufuata mdundo. Kwa baadhi ya watoto, mtafiti aliyesimama mbele alirukaruka nao kwa mdundo mmoja. Kwa wengine alikwenda kwa kasi yake, nje ya mdundo wao. Kisha yule mtafiti akaanza kuanika vitambaa, akaangusha kibanio cha nguo kana kwamba kimemponyoka, akanyoosha mkono akikitaka na hakifikii. Watoto walioruka naye kwa mdundo mmoja walimwokotea mara nyingi zaidi kuliko wale wengine.

Mtoto wa miezi 14 hajui mashairi. Hajui itikadi, hana kabila la kutetea. Ila mwili wake umekwisha kumhesabu aliyekwenda naye sawa kuwa mwenzake.

Matokeo yanayofanana na hayo yalikuwa yamepatikana miaka michache nyuma. Mwaka 2010, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello waliona kuwa watoto wa miaka minne walioimba na kupiga vyombo pamoja walisaidiana zaidi baadaye kuliko wenzao waliocheza mchezo ule ule bila muziki. Mwaka 2009, Scott Wiltermuth na Chip Heath wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu wazima kwa hatua za pamoja, na walipowaingiza kwenye michezo ya kushirikiana, watu hao walishirikiana vizuri zaidi kuliko waliotembea kila mtu kivyake. Miaka karibu 100 kabla yao, mwaka 1912, mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alikwisha kuandika juu ya joto linalowapanda watu wakikutana kwa ibada, kuimba na kucheza, hadi kila mmoja akajihisi amebebwa na kitu kikubwa kuliko yeye.

Lakini Wiltermuth huyohuyo alirudi mwaka 2012 na jaribio lingine, na hili naona linafaa kutajwa kila mara lile la kwanza linapotajwa. Safari hii aliwataka watu wafanye jambo baya: kuua wadudu kwa kuambiwa. Waliokuwa wametembea kwa hatua moja na yule aliyewapa agizo walikuwa wepesi zaidi kutii. Mdundo wa pamoja unawafungamanisha watu. Haujali unawafungamanisha kwa kazi gani.

Najua kwamba unajua

Jambo la pili halina uhusiano na mwili, na ndilo linalosahaulika zaidi. Wachukulie watu 1,000 wanaoishi chini ya utawala wasioutaka. Kila mmoja ana dukuduku lake. Kila mmoja akimtazama jirani anamwona amenyamaza, basi naye ananyamaza. Wanaweza kuishi hivyo miaka 40, wote wakiwa na wazo moja na kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kijikaratasi cha siri kikimfikia kila mmoja chumbani kwake, kila mmoja atajua; ila hatajua kama mwenzake naye amejua. Ukimya huvunjwa na jambo ambalo wote wanalishuhudia kwa wakati mmoja, tena wakionana wanalishuhudia. Wimbo wa uwanjani unaifanya kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote ninachokijua: ninakusikia, unanisikia, na unajua kwamba nimekusikia. Mtu mmoja akishika kipaza sauti na kutamka neno la hatari, atakamatwa yeye. Watu 20,000 wakiimba ubeti mmoja, akamatwe nani?

Estonia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, ilionyesha jambo hili kwa uwazi ambao sijauona kwingine.

Mwaka 1869, katika mji wa Tartu, Waestonia waliokuwa chini ya dola ya Urusi walifanya tamasha la kwanza la nyimbo. Aliyelisimamia alikuwa mhariri wa gazeti, Johann Voldemar Jannsen, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuadhimisha miaka 50 tangu wakulima wa jimbo la Livonia waondolewe utumwa wa kufungwa kwenye mashamba ya mabwana zao. Ziliimba kwaya za wanaume tu, zikisindikizwa na bendi za matarumbeta. Ruhusa iliombwa, ikatolewa. Watu waliotoka vijiji vya mbali, ambao hadi hapo walijiona ni wa parokia fulani au wa shamba la bwana fulani, wakakaa pamoja siku tatu wakiimba kwa lugha yao. Ndiko ulikoimbwa wimbo ambao leo ni wimbo wa taifa wa Estonia. Miaka hiyo taifa hilo lilikuwa halimo kwenye ramani yoyote.

Tamasha likawa desturi. Vita vikaja, na Umoja wa Kisovieti ukaimeza nchi. Watawala wapya hawakulifuta tamasha, waliligeuza. Ratiba ikajazwa nyimbo za kumsifu Stalin na chama. Mwaka 1950, waongozaji watatu wakubwa wa kwaya, Alfred Karindi, Riho Päts na Tuudur Vettik, wakakamatwa. Kulikuwa na wimbo mmoja hasa, shairi la Lydia Koidula, binti yake yule Jannsen, juu ya mapenzi kwa nchi yake. Mwongozaji wa kwaya Gustav Ernesaks alikuwa amelitungia mahadhi mapya mwaka 1944. Uliimbwa kwenye tamasha la 1947, kisha ukaondolewa kwenye ratiba. Ikaja 1960. Tamasha limekwisha, ratiba imekamilika, na waimbaji hawaondoki. Wakaanza kuuimba wenyewe. Ernesaks akawaongoza. Miaka michache baadaye wimbo ukarudishwa kwenye ratiba, na nadhani wenye mamlaka waliona afadhali waupe nafasi kuliko kushindana na uwanja mzima.

Ndiyo maana yaliyotokea Juni 1988 hayakuzuka tu. Baada ya sherehe za mji mkongwe wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, vijana walihamia kwenye uwanja wa tamasha la nyimbo na kuimba hadi usiku wa manane, siku moja, ya pili, ya tatu, umati ukikua hadi kufika makumi ya maelfu. Bendera ya buluu, nyeusi na nyeupe, iliyokuwa marufuku kwa miongo kadhaa, ikatolewa ikapepea. Msanii Heinz Valk akaandika gazetini kwamba haya ni mapinduzi ya kuimba, na jina hilo halijaondoka hadi leo. Septemba 11 mwaka huohuo, umati uliokadiriwa kufika watu 300,000 ulijaa kwenye uwanja huohuo, katika nchi yenye watu wapatao milioni 1.5. Hapo, mbele ya kadamnasi, dai la kurudishiwa uhuru likatamkwa waziwazi. Agosti 23, 1989, watu wapatao milioni 2 wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono katika mnyororo uliovuka kilomita 600. Uhuru wa Estonia ulirejeshwa Agosti 20, 1991.

Je, nyimbo ndizo zilizoleta uhuru? Mtu mwaminifu hawezi kusema hivyo. Kulikuwa na mageuzi ya Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, uchumi uliokuwa umechoka, na jaribio la mapinduzi lililoshindwa Moscow siku zilezile za Agosti 1991. Wala nyimbo hazikuzuia risasi: Januari mwaka huo, mjini Vilnius, Lithuania, raia 14 wasio na silaha waliuawa na majeshi ya Kisovieti. Nilichoridhika nacho ni hiki: mlango ulipofunguka kidogo, Waestonia hawakuwa na haja ya kuanza kutafutana gizani. Walikuwa wamekwisha kuonana, mara kwa mara, kwa zaidi ya miaka 100, kwenye tamasha moja. Walijua idadi yao. Walijua sauti yao ikoje wote wakiitoa pamoja.

Barabara ni ya nani?

Watawala huyaelewa haya haraka kuliko wachambuzi, na sheria zao ni ushahidi. Mwaka 1739, katika koloni la South Carolina, kundi la watumwa liliasi na kuandamana huku wakipiga ngoma. Sheria ya watumwa iliyotungwa mwaka uliofuata iliwakataza kutumia ngoma, baragumu na vyombo vingine vyenye kelele vya kuitana. Mwaka 2012, makundi yenye silaha yalipoiteka kaskazini ya Mali, miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku ni muziki. Redio zilinyamazishwa. Wanamuziki walikimbilia Bamako, na baadhi yao wakaunda bendi ukimbizini. Tamasha la jangwani, lililokuwa likifanyika kaskazini mwa nchi hiyo tangu 2001, lilikuwa limefanyika kwa mara ya mwisho Januari mwaka huo. Hakuna anayehangaika kupiga marufuku kitu kisicho na nguvu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mlolongo huu ni cha Trinidad, kisiwa cha Karibi.

Baada ya utumwa kukomeshwa, watu weusi wa kisiwa hicho waliichukua kanivali, iliyokuwa starehe ya mabwana, wakaijaza ngoma, mienge na maandamano ya usiku. Mwaka 1881 polisi wa kikoloni walijaribu kuyazima maandamano hayo mjini Port of Spain, yakazuka mapigano makali. Mwaka 1884 ikaja sheria iliyobana ngoma za ngozi na maandamano ya mienge. Watu wakaenda kukata mianzi. Mwanzi mnene ukigongwa chini unatoa sauti nzito ya besi. Mwembamba ukigongwa kwa kijiti unatoa sauti ya juu. Kwa zaidi ya miaka 40 mtaa ulitembea kwa mdundo wa mianzi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wakaanza kuchanganya na chuma: makopo ya biskuti, vifuniko, chochote kilicholia. Na kwa kuwa Trinidad ni nchi ya mafuta, mapipa matupu hayakukosekana.

Hebu itazame kazi yenyewe. Fundi analisimamisha pipa juu chini na kuligonga kitako kwa nyundo nzito hadi kibonyee ndani kama karai. Anachora mipaka ya kila noti, anaisisitiza kwa patasi butu. Analikata pipa kwa kimo anachotaka, analichoma moto ili chuma kikaze, kisha anaanza kazi ya masikio: nyundo ndogo, kidogo juu, kidogo chini, hadi kila kibonyeo kitoe noti yake safi. Takataka ya kiwanda imegeuka kinanda. Waliobuni kazi hii, watu kama Winston "Spree" Simon na Ellie Mannette, walitoka kwenye mitaa ya kimaskini, na kwa miaka mingi mpigaji wa mapipa alihesabiwa mhuni. Familia nyingi za kiheshima hazikutaka watoto wao waonekane karibu nayo. Isitoshe, bendi zilipigana kweli barabarani, na damu ilimwagika. Sisemi haya kuwapunguzia heshima. Nayasema kwa sababu simulizi za muziki na amani hupenda kuwaonyesha watu kana kwamba walizaliwa wakishikana mikono.

Mwaka 1951 bendi ya wapigaji waliochaguliwa kutoka bendi mbalimbali, nyingi zikiwa mahasimu, ilipelekwa London kwenye tamasha la Uingereza. Ili wapige pamoja, ilibidi mapipa yao yalinganishwe noti, maana kila bendi ilikuwa na mpangilio wake. Naifikiria sana picha hiyo: watu waliokuwa wakirushiana mawe wakikubaliana kwanza juu ya noti. Mwaka 1992 chombo hicho kilitangazwa kuwa ala ya taifa ya Trinidad na Tobago, na mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitenga Agosti 11 kuwa siku yake duniani. Kutoka sheria ya 1884 hadi tangazo la 1992 ni miaka 108, na katika muda wote huo ugomvi ulikuwa mmoja: nani anaruhusiwa kupiga kelele barabarani na kuziita sherehe?

Gari lenye spika

Kama muziki wa hadharani unajenga, basi kwa nguvu hizohizo unabomoa, na anayeusifu bila kulisema hili anawapotosha watu.

Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu wa Rwanda. Nyimbo zake zilipigwa sana na redio ya RTLM, iliyoeneza chuki kabla na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, na Desemba 2008 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Wengi hukumbuka kwamba alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake. Sivyo. Majaji walikubali kuwa nyimbo zile zilipotosha historia na kutumika katika propaganda, lakini hawakumtia hatiani kwa kuzitunga. Walimtia hatiani kwa kilichotokea barabarani mwishoni mwa Juni 1994, magharibi mwa nchi, ambako alipita na msafara wa Interahamwe, wanamgambo walioshiriki mauaji hayo, kwenye gari lililofungwa spika. Gari lilipiga muziki, ukiwemo wake. Na kupitia spika zilezile akatoa wito kwa watu wawaue Watutsi.

Hukumu hiyo inafundisha kuliko vitabu vingi. Kinachotisha hapo si mashairi peke yake, ni mpangilio: wimbo ambao kila mtu anaujua, barabara, gari, watu wanaotoka nje kutazama, na agizo linalofika wakati masikio yamekwisha kufunguliwa na kitu wanachokipenda. Wale waliofanya jaribio la wadudu wangeutambua mpangilio huo mara moja.

Usiku mmoja hautoshi

Kuna kosa dogo kuliko hilo, na tunalifanya kila siku: kuamini kwamba tamasha moja kubwa litamaliza kazi. Aprili 22, 1978, kwenye uwanja wa taifa wa Kingston, Jamaika, Bob Marley aliwaita jukwaani Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga, akaishika mikono yao na kuiinua pamoja juu ya kichwa chake. Nchi ilikuwa inauana kwa ajili ya vyama vya watu hao wawili, na tamasha lenyewe lilisukumwa na vinara wa magenge hasimu waliotaka kusitisha vita mitaani. Picha ya mikono ile imezunguka dunia nzima. Haikosi kunigusa kila nikiiona. Lakini baada ya hapo vinara wale wakauawa mmoja baada ya mwingine, na uchaguzi wa 1980 ukamwaga damu ya mamia ya watu. Mikono ilishushwa, taa zikazimwa, na kila shabiki akarudi mtaani kwake, kwa chama chake na silaha zake.

Ukiuweka usiku ule kando ya miaka 100 ya Waestonia, tofauti haiko kwenye kipaji. Marley hakupungukiwa kitu. Tofauti ni kwamba Kingston watu walikuja kutazama; kule waliokuja ndio walioimba. Tena kule walikuja wakiwa wamekwisha kukutana miezi na miezi kwenye kwaya zao, na waliporudi nyumbani kwaya ilikuwepo ikiwasubiri.

Hilo ndilo jambo ambalo Maurice Fleuret alilifikiria huko Ufaransa. Alipokuwa mkuu wa muziki kwenye wizara ya utamaduni chini ya waziri Jack Lang, utafiti ulionyesha kwamba Wafaransa wapatao milioni 5 walijua kupiga chombo fulani cha muziki. Milioni 5, na barabarani haisikiki hata noti moja. Juni 21, 1982, watu wakaambiwa watoke: mwanafunzi na filimbi yake, bendi ya uchochoroni, kwaya ya kanisa, yeyote, popote, bila tiketi. Jina la sikukuu hiyo kwa Kifaransa lina tamko moja na agizo la "fanyeni muziki", na agizo ndilo lenye uzito. Leo inaadhimishwa katika nchi zaidi ya 100. Wapo wanaoibeza kuwa ni furaha iliyopangwa na wizara, na hawajakosea kabisa, maana sikukuu iliyotolewa na serikali yaweza kufutwa na serikali. Lakini usiku huo mmoja unampa mtu asiye na jina haki ya kusimama kona ya barabara na kusikika, na kwa aliyezoea kununua tiketi na kupiga makofi, hilo ni geuzi.

Kwa hiyo inaniuma kuona fedha za umma zikimwagwa kwenye jukwaa la usiku mmoja, nyota akaletwa kwa ndege, spika zikatetemesha madirisha, asubuhi uwanja ukabaki na chupa tupu, huku kwaya ya mtaani haina chumba cha kufanyia mazoezi. Jukwaa hilo linaacha kumbukumbu nzuri. Haliachi watu waliofungamana, kwa kuwa halikuwapa kazi ya kufanya pamoja. Mazoezi ndiyo yanayowapa: kuchelewa na kusemwa, kukosea mbele ya wenzako, kumsubiri mwenye sauti ngumu hadi aipate noti, kumkuta jirani usiyempenda amesimama safu moja nawe kila wiki. Mtu aliyeyapitia hayo hawezi tena kumwona jirani yule kuwa ni mpita njia.

Trinidad ndiko unakoweza kuyaona hayo kwa macho. Majuma kadhaa kabla ya mashindano makubwa ya bendi za mapipa, yaliyoanza mwaka 1963, viwanja vya mazoezi hujaa usiku. Bendi kubwa ina wapigaji zaidi ya 100, wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi, mafundi, wazee, na wanapiga wimbo wa dakika nyingi, wenye mizunguko migumu, bila karatasi mbele yao. Mwalimu anapiga kifungu kidogo, wanamfuata, anakirudia, wanakirudia, mara 20, mara 50, hadi mikono ikijue bila kuuliza kichwa. Viwanja viko wazi kwa mtaa. Watu husimama pembeni, watoto wakiwa mabegani, wakisikia kifungu kilekile kikikosewa jana na kunyooka leo. Siku ya mashindano ikifika, wengi kati ya hao wanaujua wimbo kabla haujapigwa, na bendi ikiingia jukwaani wanasema, "Yetu hiyo."